Mgomba wa Nyuma ya Bafu

Mimi nauza miche. Mwaka wa kumi na saba huu nakaa kando ya barabara ya Komarock, upande wa Dandora, na miparachichi yangu, na mipapai, na maua ya watu wa maploti wanaotaka kitu cha kijani mlangoni. Niletee jani nitakutajia mti. Hilo najisifu, na sijisifu bure. Ndiyo maana kosa nililomfanyia Mama Vivian linanikera hadi leo: halikuwa kosa la kutojua. Ulikuwa uvivu wa makalio, basi.

Jina lake Everline. Tumekaa ploti moja miaka kumi na miwili, milango yetu inatazamana, na katika miaka hiyo sijamsikia akipaza sauti isipokuwa mara moja, nayo nitaisema. Mimi hasira zangu ziko hapa mlangoni. Nikianza na habari ya maji, ya zamu ya kuosha choo, ya nani ameshusha nguo zangu kwenye kamba akaanika zake, yeye husikiliza tu mpaka niishiwe na pumzi, kisha anasema, "Umemaliza, Mama Kimanzi? Haya, njoo unywe chai." Anapakia biskuti katika kiwanda kimoja kule Industrial Area. Hutoka alfajiri na kitambaa kichwani, akarudi jioni ananukia vanila. Kwao ni Butere, lakini kuzaliwa amezaliwa Makongeni, hapa hapa Nairobi, baba yake alikuwa mtu wa reli. Shamba analijua la Krismasi tu. Mtoto wake ni mmoja, Vivian, yuko shule ya bweni.

Na mume anaye. Hapo ndipo penyewe.

Mulama alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la mizigo la kwenda Juba. Mtu wa vichekesho, wa kuingia ploti akipiga mluzi, wa kukuitia mwizi kwa utani mpaka ukatoka mbio na mwiko mkononi. Huu ni mwaka wa nne tangu lori lao livamiwe njiani, ng'ambo ya mpaka. Dereva alipatikana porini siku ya pili, ana risasi pajani, yu hai. Mulama hakupatikana. Si mzima, si maiti, si kiatu. Tajiri wa lori alituma watu, wazee wa nyumbani wakatuma watu, kanisa likafunga na kuomba. Hakuna.

Tangu hapo Mama Vivian ana jibu moja. Ukimwuliza habari za mumewe anakwambia, "Hajarudi kutoka kazini." Kila mwezi anatia salio kwenye laini ya Mulama isije ikafungwa. Siku ya Pasaka, mchungaji akiwaomba wajane wasimame wapewe unga na mafuta, yeye hukaa kitako. Mwaka juzi kiwanda kilipowapumzisha miezi miwili, nilijua kabisa sufuria yake inalala tupu, nikamkanyaga mguu pale kwenye benchi: simama, wewe! Hakusimama. Nilimkasirikia wiki nzima. Unga ni unga.

Kwa kina Mulama, huko huko Butere, walikuwa wamechoka kungoja. Waluhya wa kule wana desturi yao. Mtu akipotea kabisa, mto ukamchukua au vita vikammeza, wazee hukata mgomba, wakauweka ndani ya jeneza, wakauzika badala yake. Usidhani ni mchezo. Watu wanalia, mchungaji anahubiri, udongo unamwagwa, na kuanzia siku hiyo aliyepotea ni marehemu na mke wake ni mjane. Baba mkwe, Mzee Kweyu, alianza kuomba jambo hilo mwaka wa pili. Mama Vivian akakataa. Na mke akikataa, hakuna mzee wa maana atakayeinua jembe.

Sasa njoo huku kwenye bafu.

Nyuma ya bafu ya ploti yetu kuna kichochoro, upana wake ni wa godoro dogo, kati ya ukuta wa bafu na ghorofa ya jirani. Tangu ghorofa ile ijengwe, jua halijafika hapo. Maji ya kuoga yanavuja ukutani, udongo haukauki, ukuta umeota ukungu. Miaka mingi palikuwa na tangi bovu la maji, mpaka Novemba iliyopita Naftaly, msimamizi wa ploti, alipoliuza kwa watu wanaonunua plastiki kuukuu. Mvua za Aprili zilipopiga, kitu kikachomoza pale pale tangi lilipokuwa.

Jumapili moja, baada ya kanisa, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, miguu ndani ya karai la maji moto na chumvi. Wiki hiyo ilikuwa imenimaliza. Mama Vivian akaniita kutoka kwenye kona ya bafu.

"Mama Kimanzi, hebu kuja unitambulie hii kitu. Imeota yenyewe."

Nikanyoosha shingo. Katika kile kiza niliona jani moja pana, kijani kibichi, limefunguka, na jingine bado limejiviringa kama mkeka. Sikuinuka.

"Mgomba huo."

"Una hakika? Hujaukaribia."

"Nani anauza miche hapa, mimi ama wewe? Ni mgomba. Uache hapo, mwaka ujao tutakula ndizi."

Akafurahi, maskini. Akasimama pale akiuangalia kama mtu aliyepata mgeni. Jioni akapiga simu Butere, kama afanyavyo kila Jumapili, kumjulia hali Mzee Kweyu. Mzee miguu imemvimba, moyo hauko sawa, anashinda kwenye kiti tangu asubuhi. Ili amchekeshe kidogo akamwambia, "Baba, hata sisi wa Nairobi tuna mgomba sasa. Umeota wenyewe nyuma ya bafu, gizani, na hakuna aliyepanda." Mzee hakucheka. Akauliza polepole, "Umesema hakuna aliyeupanda?"

Ijumaa asubuhi Shangazi Benta akashuka kwenye basi.

Huyu Benta ni dada yake Mzee Kweyu, amepita miaka sitini, mnene kiasi, kitambaa cha akina mama wa kanisa kichwani. Alikuja na kuku mmoja na ndizi za kupika kwenye gunia. Akamsalimia kila mtu wa ploti, mmoja mmoja, hata mimi akanipa mikono miwili na kuniuliza habari za Kimanzi wangu kwa jina. Nilimpenda hapo hapo, na hilo ndilo liliniudhi zaidi baadaye.

Walikunywa chai. Kisha nikawaona wametoka wanaelekea kwenye kona. Mvua ilikuwa imenichelewesha kwenda kibandani, nilikuwa naanika nguo, na masikio siyafungi. Benta alisimama kwenye mdomo wa kichochoro. Hakuingia.

"Ndio huu," akasema.

"Ndio upi, Shangazi?"

"Mama Vivian, mgomba hauna mbegu ya kupeperushwa na upepo. Ni lazima mkono wa mtu uuweke. Hapa ni mkono wa nani? Mwaka wa nne, pasipo jua, unaota wenyewe nyumbani kwake. Mwana wetu amejileta. Baba yako amesema Jumamosi ya wiki ijayo. Tutaukata, tutaupeleka nyumbani, tumlaze."

"Hiyo ishara mimi sijawahi kuisikia, na mimi ni Mluhya."

"Wewe umezaliwa Makongeni," Benta akamjibu, wala hakusema kwa ubaya.

Kibano cha nguo kilinianguka mkononi. Mgomba! Nani alisema mgomba? Nilijitia shughuli na mashuka, nikamaliza haraka haraka, nikatoroka kwenda kwenye miche yangu. Ndiyo, nilitoroka, nisijifanye.

Haikupita saa moja, Mama Vivian huyo, kanga begani, kazini hakwenda. Akaja moja kwa moja katikati ya mipapai, akasimama mbele yangu, na hapo ndipo nilipoisikia ile sauti.

"Nilikuuliza mara mbili! Mara mbili, Mama Kimanzi! Ukakaa na miguu yako kwenye karai ukaniambia mgomba! Sasa kwa mdomo wako mimi ni mjane kufikia Jumamosi ijayo!"

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua waridi aliliweka chini akaondoka zake. Mimi nami moto ukanipanda. Jibu nilikuwa nalo tayari: kwani mimi ndiye niliyepiga simu Butere? Lilifika kwenye ncha ya ulimi kabisa. Nikamtazama. Nikalimeza.

"Sikuuangalia," nikasema. "Ulikuwa uvivu. Nisamehe."

"Sitaki samahani. Twende ukauangalie."

Nikamwachia jirani miche, tukaenda. Benta alikuwa amelala kidogo, safari ya usiku kucha ilikuwa imemchosha. Niliingia kichochoroni kwa ubavu, tochi ya simu mkononi ingawa ilikuwa saa saba mchana. Nikachuchumaa. Na Mungu ni shahidi, sikuchukua hata dakika moja kuona aibu yangu yote.

Mgomba una shina. Hata ukiwa mchanga, makoti yake yanafungana, yanavaana, yanafanya kitu kinene cha majimaji unachoweza kukishika kwa kiganja. Hiki hakikuwa hivyo. Majani yalikuwa marefu na mapana, ndiyo, lakini yalitoka karibu na ardhi, kila moja na kikonyo chake chembamba. Nikakwangua kikonyo kwa ukucha. Utomvu wa mgomba ukigusa nguo hautoki, kila mtu aliyewahi kukata ndizi anaujua. Hapa hapakuwa na utomvu wa maana. Nikachuma kipande cha jani, nikakisugua viganjani, nikanusa. Jani la mgomba halinuki chochote. Hili lilinuka, harufu ya udongo, ya karoti mbichi, ya kitu kikali cha jikoni nilichokijua nikashindwa kukipa jina.

"Si mgomba," nikasema.

Mama Vivian akafunga macho. Kisha akayafungua.

"Ni nini?"

"Sijui. Lakini si mgomba."

"Hiyo haitoshi. Ukimwambia Shangazi si mgomba, atakwambia ni mgomba wa aina nyingine. Mwenye kujua miche ni wewe, na wewe ndiye uliyesema mgomba kwanza. Nani atakusikia sasa? Nataka jina lake. Nataka kitu ambacho nitakishika mkononi nimwonyeshe."

Alisema kweli, na ilinichoma. Nilipitisha kichwani kila kitu nilichowahi kukiuza. Yale maua mekundu ya majani mapana yanayopandwa kwenye bustani za hospitali? Hapana, yale yana shina refu na hayanuki. Nduma? Jani lake ni kama moyo. Tangawizi nimeiuza, majani yake ni membamba kama ya nyasi. Lakini ile harufu ilinituma huko huko, kwa jamaa za tangawizi. Nikafunga lile jani ndani ya leso, nikapanda matatu kwenda soko la Kariobangi kwa Leyla.

Leyla anauza viungo. Amekulia Mombasa, Majengo, na hajaacha kulalamikia baridi ya Nairobi ingawa amekaa huku miaka ishirini. Nilimpa jani bila kumwambia lolote. Hakuliangalia hata. Alilipeleka puani, akacheka.

"Hii manjano, Mama Miche. Umeitoa wapi?"

"Manjano yapi?"

"Manjano ya pilau! Bizari! Hii hii unayonunua kwangu ya unga. Marehemu mamangu alikuwa nayo kwenye debe, hapo uani karibu na bomba, mahali pa kivuli. Yapenda maji na haipendi jua kali. Kiangazi kikifika majani yafa yote, wadhani imekufa, kumbe imelala chini yangoja mvua. Unauza miche miaka yote hiyo hujaiona?"

"Huku tunaijua ikiwa kwenye pakiti."

"Basi usiniamini mimi. Nenda kafukue, uvunje mzizi. Ukiona manjano ndani, ni manjano. Na uvae glovu, maana rangi hiyo haitakutoka wiki nzima."

Nikarudi na jina langu. Mama Vivian aliposikia alinishika mkono akaubana. Tukakubaliana tufukue kesho yake asubuhi, mbele ya Shangazi, ili pasiwe na maneno ya kusema tumebadilisha.

Jumamosi, baada ya chai, tukaenda wote watatu. Safari hii Benta aliingia kichochoroni, akaegemea ukuta wa bafu, mikono kifuani. Mimi nilichimba kwa kijiko changu cha miche, polepole, nisikate. Udongo ulikuwa laini. Nikavishika vile vikonyo chini kabisa, nikatikisa, vikatoka na kifundo cha mizizi kama vidole vya mtoto, vimejaa matope. Nikampa Mama Vivian. Yeye ndiye alipaswa.

Akakiosha kwenye bomba. Akakivunja.

Ndani yake mlikuwa na rangi kali ya chungwa, inang'aa mpaka ukutani ukaona kama kumepata mwanga. Vidole vyake vikageuka manjano hapo hapo. Akanyoosha mkono mbele ya uso wa Shangazi Benta.

"Manjano," akasema. "Ya pilau. Si mgomba, Shangazi. Si ishara, si Mulama. Ni manjano!" Akaanza kucheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo, na mimi nikacheka naye, nikapiga makofi kama mjinga.

Kisha kicheko chake kikakatika. Akakiangalia kile kipande, akakinusa.

"Ni yake," akasema.

"Yake nani?" nikauliza.

"Wakati wa korona. Hukumbuki, kila mtu alikuwa anachemsha tangawizi na ndimu? Mulama akaja na mfuko mzima wa manjano mabichi kutoka soko la Muthurwa, ati hii ndiyo dawa yenyewe. Tukanywa mpaka meno yakabadilika rangi. Nikamwambia sinywi tena. Akasusa, akayachukua yote yaliyobaki akayatupa nyuma ya bafu, uvunguni mwa lile tangi, akasema siku nikiugua nisimlilie." Alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza njia ya kwenda dukani. "Mwaka uliofuata ndio alisafiri na lile lori."

Bomba lilikuwa linadondoka. Nilikuwa nangoja Benta aruke, aseme, si mnaona, ni mkono wake kweli! Hakusema hivyo. Aliketi kwenye ukingo wa saruji, taratibu, kama watu wa magoti mabaya wanavyoketi.

"Mama Vivian," akasema, "mimi nimezaliwa kwenye migomba. Jana nimewaletea ndizi nilizozikata kwa mkono wangu. Unadhani nilisimama hapo nisijue kwamba huu si mgomba?"

Ala! Fundi wa miche nimedanganywa na mama wa shamba, tena kwa kosa langu mwenyewe.

"Ulijua?" Mama Vivian akauliza.

"Niliujua toka mbali. Sikuingia ndani ili nisilazimike kusema. Niliposikia mgomba umeota nilishukuru Mungu, nikasema basi, jambo limejimaliza, hakuna atakayelaumiwa. Nikafika nikaona siyo. Nikasema moyoni, acha iwe mgomba. Nani atajua?" Akajifuta uso kwa kitambaa. "Nilikosea. Mtu haombwi jambo kama hili kwa hila. Sasa nakuomba waziwazi."

"Shangazi, mimi..."

"Ngoja nimalize, mwanangu. Mama yake Mulama alikufa Mulama akiwa na miaka mitatu. Nimemlea mimi, mgongo huu. Unafikiri nafurahia kuzika mti? Kaka yangu kila asubuhi anaulizia kama simu imelia. Kila asubuhi! Daktari ametuambia tusimfiche, hana mwaka. Na amekataa kutuonyesha mahali atakapozikwa yeye. Anasema hawezi kulala chini kabla hajajua mtoto wake amelala wapi. Anakufa amesimama mlangoni, Mama Vivian. Nami nimechoka kuota mtoto anabisha hodi."

"Na akirudi?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nikikubali, halafu arudi?"

"Akirudi tutafukua kaburi tucheke mpaka tulie. Atatutukana, tutamchinjia ng'ombe. Laiti! Hakuna anayekuzuia kumngoja. Ngoja mpaka uzeeke. Lakini kaka yangu hana huo muda."

Mama Vivian alirudi kwenye bomba. Akaanza kunawa. Alisugua vidole kwa sabuni ya kufulia, akasugua kwa kipande cha gunia, rangi haikutoka. Nilikuwa nimekuja kushinda, na tulikuwa tumeshinda. Mti ulikuwa na jina. Na sasa hapakuwa na mti wa kumwamulia mtu yeyote kitu chochote, wala wa kumsingizia.

Akafunga bomba, akaingia nyumbani kwake, mlango akaurudisha.

Tukakaa. Benta alikuwa analia bila sauti, machozi yanateremka tu. Nilimshika mkono. Naftaly akapita na ndoo, akatuona, akageuza njia.

Muda si mrefu mlango ukafunguliwa. Mama Vivian alisimama kizingitini, ameshika shati la mwanaume, la bluu, limepigwa pasi, mikunjo ya mikono imenyooka. Kwenye kola palikuwa na alama mbili za vidole vyake, manjano.

"Nasikia mgomba huwa mnauvika nguo zake," akasema.

"Ndiyo," Benta akajibu. "Tunauvika."

"Alilivaa siku ya kubatizwa kwa Vivian." Akalinyoosha mbele yake, akalishika mabegani, upande huu na upande huu. Mulama alikuwa mtu wa mabega, mbeba magunia. Lile shati lilimzidi mkewe pande zote mbili. Kisha akamtazama Benta, na uso wake wote ukavunjika.

"Lakini mgomba hauna mabega, Shangazi. Litakaa vipi? Litamwanguka."

Benta akainuka, akalishika shati pindoni.

"Tutalipunguza," mimi nikasema. "Lete sindano."

Tukaingia ndani, tukakaa kitandani, shati katikati yetu. Yeye akaanza bega la kulia, mimi la kushoto, na Benta akawa anatutungia uzi.